Kigari Kilichovunjika Kiuno

Usimwulize Byamungu anakaa wapi. Mwulize anakaa mpaka lini. Mtaani kwetu Kasongo walimwita Panzi, naye hakukasirika, maana hata kukasirika kunataka mtu atulie kidogo. Akisimama, goti linatikisika. Akila, macho yako barabarani, na ukimsalimia anakuuliza kwanza umetoka wapi na huko kuna nini.

Alizaliwa upande wa Kivu. Akajifunza kazi ya tolie, yaani fundi wa kunyoosha na kuziba bati za magari, kwenye garaji moja ya Bukavu. Kabla hajafundishwa kupaka rangi akasikia habari za dhahabu ya Salamabila, akashuka. Salamabila alichimba, akaacha. Akauza betri na tochi, akaacha. Akarudi kwenye nyundo yake, akanyoosha milango ya magari ya wafanyabiashara, na hapo kazi ilimpenda, maana mkono anao, mkono wa kweli. Lakini kila mji aliotoka, aliacha gari la mtu limefunguliwa uani, halina mlango au halina boneti, na mwenye gari anaulizia kwa majirani. Majirani wanajibu nini? Ameenda. Jana alikuwa hapa.

Mke wake Odile alikuwa mtoto wa Kabambare, Mbangubangu kwa kabila, mwanamke wa maneno machache. Walionana Salamabila, na tangu hapo Odile alibeba sufuria zake nyuma ya mtu huyu kila alikoelekea. Alijua dalili. Kwanza mume anaacha kumaliza chakula. Halafu anaamka kabla ya jogoo, anakwenda kusimama barabarani kuongea na watu wa pikipiki. Halafu anaanza kuusifu mji ambao hajaufikia, maji yake, watu wake, hata hewa yake. Ukisikia hewa, ujue ni wakati wa kufunga mizigo.

Kasongo walikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Odile alilima muhogo na mpunga, binti yao Sarah-Grâce aliingia shule na akashika nafasi nzuri. Jioni moja, bila kugombana, Odile alimwambia mumewe:

“Baba Sarah, mimi nimechoka kufunga mizigo. Safari hii ukienda, uende peke yako. Mimi na mutoto tunabaki.”

“Nani anasema naenda?”

“Hakuna mutu anasema. Mimi naongea tu.”

Byamungu alicheka, lakini maneno yale hayakumtoka. Alimpenda mke wake, hilo watu wasidanganyane. Alimpenda na alitaka kwenda, vyote viwili kwa wakati mmoja, na hakuna dawa ya hospitali inayotibu hali hiyo.

Sasa ndipo akaja Mama Albertine na kigari chake.

Mama Albertine anauza vitenge sokoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na ukimwona na mwavuli wake mweusi juani unampisha njia kabla hajakuomba. Baba yake, marehemu, alikuwa dereva wa Mzungu mmoja wa kampuni ya pamba. Mzungu alipoondoka kwa haraka miaka ile, alimwachia dereva kigari chekundu cha Kiingereza, cha viti viwili, kisicho na paa, cha kukimbilia mashindano. Mashindano gani hapa Kasongo, usiniulize. Mzee yule alikuwa anamkalisha binti yake pembeni siku ya Jumapili, wanatoka nyumbani mpaka sokoni, wanarudi. Basi. Alipokufa, kigari kilikaa bandani, kuku wakataga mayai kwenye kiti cha dereva.

“Nataka kitembee,” Mama Albertine alisema.

Byamungu alikizunguka akicheka. Kilikuwa chini kiasi kwamba jiwe la kawaida lingekitoboa tumbo. “Mama, motokari hii itakwenda wapi? Barabara ya Kabambare hata pikipiki inalia.”

“Itakwenda sokoni na itarudi. Wewe ulikwenda kote, Panzi, ulifika wapi?”

Watu waliokuwepo wakaangua kicheko, na Byamungu akaichukua kazi, kigari kikasukumwa mpaka uani kwake.

Gari la namna ile huwezi kulitengeneza ukiwa umelala chini yake, nafasi haipo, na Kasongo hakuna mashine ya kuinulia. Njia yetu ni salongo, kazi ya mikono ya mtaa mzima. Mashini, yaani injini, ilitolewa kwanza, halafu wanaume wa mtaa wakaitwa, wakiongozwa na Moustapha, jirani wa Byamungu, seremala, mtu wa swala tano na utani mwingi. Wakatandika migomba na matairi makuukuu chini, wakabeba kigari, wakakilaza ubavu kama ng'ombe anayechinjwa. Tumbo lake likatazama barabara. Kila aliyepita alilitazama na kutoa maoni, maana huku kwetu maoni hayanunuliwi.

Chini kote palikuwa pamepakwa lami. Zamani kuna mtu aliipaka, nene, tabaka juu ya tabaka, akidhani anazuia kutu. Byamungu alijaza makaa ya moto kwenye sahani ya bati, akaisogeza karibu mpaka lami ikalegea, kisha akaikwangua kwa kisu kipana alichokifua kutoka kwenye chuma cha springi. Iliyokataa aliipaka mawese, akaiacha ilowane, maana mawese yanaila lami polepole, halafu akaisugua kwa majivu na sabuni. Asubuhi iliyofuata siafu walikuwa wamekuja kwa foleni kufuata mawese, wamejaa tumbo zima la gari.

“Panzi!” Moustapha alipiga kelele kutoka kwake. “Angalia, kesho utakuta wameacha usukani tu!”

Byamungu alicheka mpaka akakaa chini. Zilikuwa siku nzuri zile, tuseme ukweli. Lami ikitoka kipande kizima, chini yake bati linang'aa kama lilitoka dukani jana, na moyo wa fundi unapoa. Lakini pembeni, chini ya milango, mambo yalikuwa mengine. Lami haikuzuia kutu, ilifungia maji ndani. Chuma kilikuwa kimegeuka maganda mekundu, unakigusa kwa kidole, kidole kinapita.

Chini ya milango, kushoto na kulia, palipita mirija miwili mikubwa ya bati, ambayo watolie huiita lonjero. Yote miwili ilikuwa imeoza. Ilitakiwa ikatwe, na mingine mipya itengenezwe kwa bati la pipa na kuchomelewa.

Kazi ya uvumilivu, na hapo akatokea Yves.

Yves alikuwa mtu wa pikipiki, anapeleka abiria Kabambare, Salamabila, Lusangi, na anarudi na habari ambazo hakuna mtu aliyemtuma. Alisimama mbele ya uwanja wa Byamungu bila kuzima pikipiki.

“Panzi, Lusangi wamefungua shimo jipya la dhahabu. Nimeona kwa macho. Wako wanatafuta watu wa nguvu, na mimi nimewaambia jina lako. Ijumaa, watu wakitoka musikitini, naondoka. Iko nafasi moja nyuma yangu.”

“Niko na kazi.”

“Wewe? Na kazi?” Yves alicheka, akaondoka.

Ukitaka kumwua Byamungu, mtajie mahali. Usiku ule hakumaliza chakula, na asubuhi alikuwa barabarani kabla ya jogoo. Odile alimwona. Aliendelea kupepeta mchele.

Byamungu alijipangia hivi: atamaliza kigari kwanza, atakwenda Lusangi kidogo tu, atarudi, Odile hatahesabu hiyo kuwa ni kuhama. Ndivyo tunavyojidanganya, tunamwekea mtu mwingine maneno mdomoni halafu tunakubaliana naye. Akanunua hata kopo la lami, ili akishaziba afunike haraka, asipoteze muda wa kusugua mashono. Lami ileile aliyokuwa ameilaani kwa kinywa chake! Alipolificha kopo nyuma ya banda aliona haya, lakini alilificha.

Alhamisi akashika msumeno wa chuma. Mtu mwenye subira hukata lonjero moja, huweka mpya, huchomelea, kisha huhamia ya pili. Byamungu alikata ya kushoto. Alipomaliza, akahamia ya kulia.

Moustapha alikuwa anamtazama, randa mkononi. “Jirani, mimi si fundi wa motokari. Lakini kiti, ukikikata miguu yote pamoja, kinasimama na nini? Ngoja nikuletee mbao, tufunge katikati ya milango.”

“Moustapha, hii si kiti. Mimi nimekata magari ya mugodi mangapi? Unatoa bati yote, gari inasimama. Iko shasi ndani.”

“Umeiona hiyo shasi?”

“Iko ndani,” Byamungu alisema, huku anakata.

Magari ya mgodini ndiyo aliyoyajua. Yale yana uti wa mgongo wa chuma chini, unaweza kuyavua bati lote yakabaki mifupa na bado yanabeba mawe. Kigari kile hakikuwa na uti wa mgongo. Hakikuwa hata na paa la kukishikilia juu. Nguvu yake yote ilikuwa kwenye mirija ile miwili, na macho ya Byamungu, tangu siku lami ilipotoka, yalikuwa yameona wazi kwamba hakuna shasi. Ila macho yalikuwa hapa, akili ilikuwa Lusangi.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Moustapha alikuja na wanaume wake kama walivyopatana, wakisimamishe kigari kwa magurudumu ili lonjero mpya zipimwe. Wakashika, wengine wakiinua kwa gogo refu, wakahesabu, wakabeba. Wakakishusha taratibu.

Hakikupiga kelele kubwa. Kililia tu, kwiii, muda mrefu, halafu kiuno kikashuka. Pua ikainuka, mkia ukainuka, katikati ikakaa chini, na milango yote miwili ikajibana.

“Mama yangu weee!” akasema mmoja.

“Innalillahi,” akasema Moustapha, na huo ndio ulikuwa utani wake wa mwisho siku hiyo.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomtisha Byamungu, kwamba mtaa mzima wa wacheshi ulinyamaza. Wanaume wakafuta mikono, mmoja mmoja wakaondoka, kama watu wanaotoka matangani bila kuaga. Moustapha alisema anakwenda kutafuta mbao, akaelekea karakana yake.

Byamungu akabaki peke yake na kitu alichokiua. Mikono ikaanza kukusanya vyombo bila kuulizwa, nyundo, koleo, kisu cha lami, vyote ndani ya mfuko, maana mikono hiyo ilikuwa imezoea. Miji yote aliyopita ilikuwa hivyo: jambo likiharibika, mfuko begani, na mwenye gari akifika anakuta vumbi. Alikuwa amefunga mfuko tayari Yves alipofika na kupiga honi.

“Panda, tuende!”

Byamungu akainua mguu. Halafu, sijui kwa nini, akatazama tena mlango wa kigari. Wengine wanasema ni huruma, wengine wanasema ni Mungu. Mimi nasema ni ufundi tu, fundi hawezi kuona mlango umejibana akaondoka bila kuujaribu. Akatupa mfuko, akachukua gogo refu walilokuwa wanainulia, akaliingiza chini ya kiuno cha gari juu ya jiwe, akalalia mwisho wake kwa tumbo na uzito wake wote. Kiuno kikapanda. Kikapanda kidogo, kikapanda tena, na mlango ukalegea wenyewe taratibu, ukarudi mahali pake, ta!

Basi kilikuwa hakijafa. Kikishikiliwa katikati, kikifungwa mbao, kinaweza kunyooka. Byamungu akataka kucheka na kulia, lakini hakuweza kufanya lolote, kwa sababu alikuwa amelilalia gogo, na akiliachia, kigari kinashuka tena, na safari hii bati lililobaki lingechanika.

“Moustapha!” aliita. “Mbao! Leta mbao!”

Moustapha alikuwa ndani ya karakana, anapasua ubao, hasikii.

“Iachie!” Yves alisema. “Panzi, iachie tuende. Mama Albertine nimemupita pale sokoni, iko anakuja!”

Na kweli, mwavuli mweusi ulikuwa umeshaonekana mwisho wa njia. Byamungu aliuona ukikua. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona uso wa mwenye gari siku ya kuharibika. Aliogopa, aliogopa kama mtoto aliyevunja mtungi. Angeweza kuachia. Pikipiki ilikuwa hatua chache tu. Miguu yake yote miwili ilitaka, nakwambia, ilikuwa inachimba ardhi. Hakuachia.

Mama Albertine alifika, akafunga mwavuli, akatazama kigari, akamtazama mtu aliyelalia gogo jasho likimtiririka mpaka masikioni.

“Fundi, iko nini?”

“Mama, imevunjika.”

“Ni kutu?”

Hapo mlango mwingine ulifunguka, ule wa uongo, mpana na rahisi. Angesema kutu. Nani angebisha? Kutu haina mdomo.

“Hapana. Kutu ilikuwako, lakini haikuvunja. Nimeivunja mimi. Nilikata pande zote mbili pamoja, Moustapha alinikataza. Nilikuwa na haraka ya kuenda.”

“Kuenda wapi?”

“Lusangi.”

Mama Albertine akamgeukia Yves, na Yves akainamia pikipiki yake kana kwamba mnyororo umemwita. Kisha mwanamke yule akasogea karibu na kigari, akaweka mkono juu ya mlango mwekundu. Machozi yakamtoka, mengi, na hakuyafuta. Byamungu aliyaona yote, maana shingo yake ilikuwa imeelekea huko na hakuweza kuigeuza.

“Baba yangu alikuwa anapita kunifungulia upande huu,” akasema. Halafu akauliza: “Na mti huo, ukiuachia?”

“Inaanguka tena.”

“Basi usiuachie.”

Akaelekea kwa Moustapha mwenyewe, na sauti yake ya sokoni ikasikika mtaa wa tatu. Yves akapiga gesi. Byamungu akaisikia pikipiki ikishuka bondeni, ikipanda, ikipungua, na kwa kweli alikuwa bado anataka kwenda. Mbao zikaja. Moustapha akazikaza katikati ya milango na kuweka nguzo chini ya kiuno, huku ananung'unika kwamba angesikilizwa jana leo angekuwa kwake anakunywa chai. Byamungu akainuka kwenye gogo.

“Itachukua mpaka mupunga ivunwe,” alimwambia Mama Albertine. “Upande mumoja kwanza. Halafu ule mwingine.”

“Nitakuja kila siku kuangalia,” alisema Mama Albertine, na haikuwa ahadi ya upole.

Walipoondoka wote, Byamungu alikaa chini akiegemea tairi. Alifikiria namna atakavyomweleza Odile. Alijiona, tusimfiche, kama shujaa kidogo. Kwa hesabu yake, mke wake alikuwa amemwomba abaki, naye amebaki. Alikuwa anapanga maneno hivyo alipoona miguu miwili mitupu imesimama mbele yake, imejaa vumbi mpaka magotini.

Alikuwa Odile, anahema. Begani alikuwa na koti la mumewe, limefuliwa na kukunjwa. Mkononi alishika furushi la majani ya mgomba lililofungwa vizuri, la wali na samaki, namna wanavyomfungia mtu wa safari ndefu.

“Mama Sarah, umetoka wapi?”

“Barabarani.”

“Kufanya nini?”

“Kukuaga.”

Byamungu hakuelewa mara moja. Odile akaeleza akiwa bado amesimama, kwa maneno yake machache. Tangu siku ile mumewe alipoacha kumaliza chakula, alijua, na habari za Ijumaa Yves alizitangaza mtaa mzima. Aliamka akapika, akafua koti maana Lusangi usiku kuna baridi, akaenda kukaa pale barabara ya Kabambare inapoacha mji, asije akapita bila chakula. Alikuwa amejiambia kwamba hatalia wala hatauliza atarudi lini. Atampa furushi, atarudi shambani.

“Yves akapita peke yake,” alisema. “Nikamupungia mukono, hakusimama. Nikasema, Baba Sarah ameanguka kwenye njia, amekufa. Nikatupa viatu, nikakimbia.”

“Lakini ulisema... ulitaka nibaki.”

“Nilitaka. Zamani.” Akamtazama bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira. “Nilikuwa nimesha kumaliza, Baba Sarah.”

“Kumaliza nini?”

“Kukungojea.”

Mtu yule alikuwa ameacha miji, ameacha mashimo, ameacha magari ya watu uani. Hakuwahi yeye mwenyewe kuachwa, tena na mtu aliyemfungia chakula na kumfulia koti. Aliona moyo wake umeshuka kama kiuno cha kigari kile, na hapakuwa na gogo. Akataka kusema kitu kuhusu lonjero, kuhusu mbao, kuhusu Mama Albertine na machozi yake.

“Na sasa?” akauliza.

Odile akakaa chini karibu naye, akafungua furushi, harufu ya samaki ikatoka. Hakumtazama.

“Sasa sijui,” akasema. “Kula kwanza.”

Akala.